KUZIBA NYUFA ZA KOMPYUTA YA CHAMA



Katika vyama vyetu vingi kompyuta sasa imechukua mahali pa daftari kubwa. Ndani yake mna majina ya wanachama, hisa zao, kilo walizopima, madeni ya pembejeo na malipo wanayoyadai. Ghala la chama lina kufuli, mlinzi na kitabu cha kupokelea mizigo. Lakini kompyuta inayotunza hesabu za mizigo hiyo aghalabu haina mtu aliyekabidhiwa kuilinda. Makala haya yanaeleza sehemu moja tu ya ulinzi huo, nayo ni kuziba nyufa za programu kuu ya kompyuta. Kazi hii haidai fedha nyingi wala elimu ya chuo. Inadai mtu, siku na daftari.

UFA NI NINI?

Kila kompyuta ina programu kuu iitwayo mfumo endeshi. Ndiyo inayoamka kwanza mashine inapowashwa, ndiyo inayosimamia kibodi, kioo, printa, mafaili na mawasiliano, na programu nyingine zote hufanya kazi chini yake. Katika ofisi nyingi mfumo huo ni Windows, uliotengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani. Mfumo wa namna hii una mamilioni ya mistari ya maagizo yaliyoandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Makosa mengine hayana madhara. Mengine humwezesha mtu aliye mbali kutuma ujumbe wa hila na kuifanya kompyuta itii amri zake kana kwamba yeye ndiye mwenye ofisi. Kosa la namna hiyo ndilo tunaloliita ufa.

Mtengenezaji akigundua ufa huandika maagizo ya kuuziba, nayo huitwa kiraka. Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu za Afrika Mashariki huwa ni saa 2 au saa 3 usiku. Kiraka cha dharura huweza kutolewa siku yoyote.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitambui. Fikirini fundi wa makufuli anayetangaza mjini kote kwamba kufuli za aina fulani zinafunguka kwa msumari, na kwamba kila mwenye nayo aje achukue kipuri bure. Wenye nyumba wamelisikia tangazo, na wezi nao wamelisikia. Ndivyo ilivyo kwa kiraka. Wahalifu wenye ujuzi hukichukua, hukilinganisha na programu ya zamani, na kwa tofauti hiyo hutambua ufa ulikuwa mahali gani. Basi chama kinachochelewa kuweka kiraka hakibaki katika hali ile ile ya jana. Hatari yake huongezeka kila kukicha.

MAFUNZO YA MWAKA 2017

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha ufa uliokuwa katika sehemu ya Windows inayoziwezesha kompyuta za ofisi kugawana mafaili. Tarehe 14 Aprili kundi la watu waliojificha lilitoa hadharani chombo cha kuutumia ufa huo. Tarehe 12 Mei, siku 59 baada ya kiraka kutolewa, programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea duniani. Haikumngoja mtu afungue barua wala abonyeze kitu. Ilihama yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Kila ilipoingia iliyafunga mafaili kwa maandishi ya siri, ikadai dola 300 ili yafunguliwe, na mwenye kuchelewa akadaiwa dola 600. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika.

Huko Uingereza, katika Huduma ya Afya ya Taifa ya England, taasisi zisizopungua 81 kati ya 236 ziliathirika, na inakadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi wa Hesabu ya nchi hiyo ilichunguza jambo hilo na kueleza, katika taarifa yake ya Oktoba 2017, kwamba hatua za kawaida za ulinzi wa kompyuta zingetosha kulizuia. Kompyuta nyingi zilizoambukizwa hazikuwa na mfumo uliopitwa na wakati. Zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado ikihudumiwa. Kiraka kilikuwapo. Hakikuwekwa.

Tarehe 27 Juni mwaka huo huo ikaja programu nyingine, NotPetya. Hiyo iliingia kwa kupitia sasisho la programu ya hesabu iliyokuwa ikitumika Ukraine, kisha ikaenea kwa ufa ule ule, na pia kwa nywila za wasimamizi ilizozikuta ndani ya mashine. Kwa njia hiyo ya pili iliziingia hata kompyuta zilizokuwa na kiraka. Kampuni ya meli ya Maersk ililazimika kuweka upya programu katika kompyuta 45,000 na seva 4,000. Orodha kuu ya mtandao wake ilisalimika katika seva moja tu iliyokuwa Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika huko na seva hiyo haikuwa mtandaoni. Chama kisingojee bahati ya namna hiyo. Mafunzo ni mawili: kiraka kiwekwe mapema, na nakala ya hesabu itunzwe mahali pasipofikiwa na mtandao.

KWA NINI TUNACHELEWA?

Sababu ya kwanza ni gharama ya intaneti. Ofisi inayotumia bando la simu mara nyingi huiagiza kompyuta ihesabu kila data inayotumika, na Windows ikishaagizwa hivyo huahirisha kupakua viraka vingi. Katibu huona kimya na kudhani mambo ni shwari. Chama chenye kompyuta kadhaa kinaweza kupunguza gharama, kwani Windows ina mpangilio unaoiruhusu kompyuta moja kuzigawia nyingine za ofisi ile ile viraka ilivyokwisha kupakua.

Sababu ya pili ni hofu kwamba sasisho litaiharibu mashine. Hofu hiyo haikosi msingi. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Lakini dawa ya hofu hiyo ni utaratibu: nakala ya akiba kwanza, kisha kompyuta moja isiyo ya malipo, kisha zilizobaki.

Sababu ya tatu ni nakala zisizo halali za Windows. Anayeiuza nakala ya namna hiyo mara nyingi huwa ameuzima uwezo wa kupokea viraka ili wizi usigunduliwe. Chama kilichokubali urahisi huo kimenunua nyumba yenye mlango usiofungika.

UTARATIBU WA KILA MWEZI

Tunashauri kila chama kifuate hatua zifuatazo:

1. Bodi imteue mtumishi mmoja kwa jina, na msaidizi wake, kuwa na dhamana ya kazi hii.

2. Siku ya kazi iwe Jumatano inayofuata Jumanne ya pili ya mwezi. Siku ya malipo ya wakulima isichaguliwe.

3. Kabla ya yote, hesabu zote zinakiliwe katika diski ya nje. Nakala ikikamilika, diski ichomolewe na kufungiwa kabatini. Diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa na wahalifu pamoja na kompyuta yenyewe. Mara kwa mara faili moja lifunguliwe kutoka katika diski hiyo, ili ihakikishwe kwamba nakala inasomeka.

4. Afungue mipangilio ya kompyuta, mahali palipoandikwa Windows Update, aiagize itafute viraka, kisha avipakue vyote.

5. Kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Viraka vingi havianzi kazi mpaka hapo, na kompyuta inayolazwa tu usiku bila kuzimwa huweza kukaa na viraka visivyofanya kazi. Ikishawaka, arudi mahali pale pale ahakikishe kwamba hakuna kilichoshindikana.

6. Aandike katika daftari tarehe, kompyuta iliyohusika, lililofanyika na sahihi yake. Mkaguzi akija, daftari hilo aoneshwe pamoja na vitabu vingine.

Zaidi ya hayo, kazi za kila siku zifanywe kwa akaunti isiyo na madaraka ya msimamizi, na nywila ya msimamizi isiwe moja kwa kompyuta zote. NotPetya ilitufundisha sababu yake.

MASHINE ISIYOPATA VIRAKA TENA

Kila toleo la mfumo lina mwisho wa kuhudumiwa. Windows XP ilifikia mwisho wake tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kuongezewa muda. Mashine yenye mfumo uliokoma huwaka na kuchapa vizuri kama zamani, na hapo ndipo inapodanganya. Nyufa mpya zikigunduliwa, hapatakuwa na wa kuziziba.

Katibu peke yake hawezi kulimaliza jambo hili. Na lifikishwe kwenye Bodi, kisha liingizwe katika makisio yatakayoletwa mbele ya Mkutano Mkuu. Njia ni tatu: kuweka toleo jipya ikiwa mashine ina uwezo wa kulibeba, kuweka mfumo usiouzwa, kama vile Ubuntu, ikiwa programu za hesabu za chama zinakubaliana nao, au kununua mashine nyingine. Uamuzi ukisubiriwa, mashine hiyo itengwe na intaneti na na kompyuta nyingine za ofisi.

Wanachama nao wana haki ya kuuliza. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ianze kutumika Tanzania mwaka 2023, kutunza kwa usalama taarifa za mtu ni wajibu wa kisheria kwa yeyote aliyekabidhiwa. Basi katika Mkutano Mkuu ujao, baada ya kusomewa mapato na matumizi, mwanachama na asimame aulize: kompyuta yetu iliwekewa kiraka lini mara ya mwisho, na nakala ya hesabu zetu iko wapi? Katibu mwenye daftari atajibu papo hapo. Asiye nalo na alianzishe Jumatano ijayo, maana wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa fedha za wanachama.