Nilimfanya Mungu wakala wa M-Pesa

Ushawahi kukaa kanisani ukaona mheshimiwa akipewa maikrofoni, bahasha ikatoka, makofi yakapigwa, na mahubiri yakasahaulika? Basi unanielewa. Mimi niliacha kwenda kanisa mwaka ule nilipoacha chuo kwa kukosa karo. Kila Jumapili ushuhuda ulikuwa wa gari jipya, ploti, ama viza. Sasa mwenye hana kitu angesimama aseme nini?

Halafu Novemba 2024, Rais Ruto akachangia Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole: Sh600,000 za kwaya na Sh2 milioni za nyumba ya padri. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza pesa hizo zirudishwe. Sisi vijana, tuliokuwa tukipiga kelele tangu Juni kuhusu siasa madhabahuni, tulishangilia sana mtandaoni.

Lakini usiku huo nikajiuliza: na mimi je? Maombi yangu yote yalikuwa bili. Mungu, nipe kazi. Mungu, nitumie nauli. Nilimfanya wakala wa M-Pesa, nikanuna kila floti ilipoisha.

Yule mjane wa Injili ya Marko alitoa sarafu mbili, zote alizokuwa nazo. Yesu hakumwahidi ploti. Alimwona tu.

Jumapili iliyopita nilirudi. Nilikaa kiti cha nyuma, mfuko mtupu, na sikuomba kitu. Aisee, ni ngumu! Jaribu wiki hii, uone kama una lingine la kumwambia Mungu.