Kusoma Kompyuta ya Injini: Hatua za Kwanza kwa Mwanafunzi wa Lugha

Gari la kasi kutoka Japani linapofika Kolwezi huwa limebeba maandishi ambayo mwenye gari hajawahi kuyaona. Yamo ndani ya kisanduku cha bati kilichofichwa chini ya dashibodi au chini ya zulia: majedwali ya namba yanayoiambia injini inywe mafuta kiasi gani na iwashe cheche saa ngapi. Kisanduku hicho ni kompyuta ya injini. Mafundi wetu hukiita kalkulatere, kwa kufuata Kifaransa. Anayetaka kuongeza nguvu ya gari lake siku hizi haanzi na spana. Anaanza kwa kuyasoma majedwali hayo.

Mimi nasoma lugha, naishi Kasulo, na jioni nyingi huwa garajini kwa mjomba wangu. Kazi yangu pale ni ya mkalimani. Programu iko kwa Kiingereza, fundi alijifunza ufundi kwa Kifaransa, na mwenye gari anaelezwa kwa Kiswahili. Neno likigeuzwa vibaya katika safari hiyo, pistoni hutoboka. Injini nyingine ya aina hiyo huwa haiko dukani. Huagizwa, ikapita Dar es Salaam na Zambia hadi Kasumbalesa, na bei yake yaweza kula mtaji wa nyumba nzima. Kwa hiyo naandika hapa nikiamini kwamba suala hili ni letu sisi wa kitivo cha lugha pia.

Tuanze na kazi ya kompyuta yenyewe. Zamani kabureta ndiyo iliyochanganya hewa na petroli, ambayo kwetu ni esansi. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ilitoa mfumo wa elektroniki wa D-Jetronic, uliofungwa kwenye Volkswagen 1600. Mwaka 1979 Bosch hao hao walitoa Motronic, uliounganisha mafuta na cheche katika kompyuta moja, ukaanza kutumika kwenye BMW 732i. Tangu hapo utaratibu ni ule ule: vihisi, ambavyo garajini huitwa kaptere, hupima hewa inayoingia, joto, mzunguko wa injini na mguu wa dereva. Kompyuta hutafuta jibu katika jedwali, kisha hufungua injekta na kuwasha bujia, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita plagi.

Jedwali hilo husomwa kama jedwali la minyambuliko ya vitenzi. Mstari wa juu una mizunguko kwa dakika, safu ya pembeni ina mzigo wa injini, na mahali vinapokutana pana jibu. Muda wenyewe ni mfupi mno. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mizunguko miwili inayokamilisha kazi ya silinda moja huchukua milisekunde 20 tu. Injekta ikikaa wazi milisekunde 15 kati ya hizo, imetumia asilimia 75 ya nafasi yake. Ikizidi asilimia 85 hivi, mafundi wengi husimama, kwani injekta inakaribia mwisho wa uwezo wake.

Sasa tuje kwenye maneno, maana hapo ndipo hatari ilipo. Ili petroli iungue bila kubakiza mafuta wala oksijeni, kilo 1 huhitaji kilo 14.7 za hewa. Uwiano huo hupewa namba 1 na huitwa lambda. Kifaransa huuita mchanganyiko wenye mafuta mengi tajiri, na wenye mafuta machache maskini. Tumeyachukua maneno hayo yalivyo. Lakini lambda hupima hewa, si mafuta: 0.80 ni tajiri, 1.10 ni maskini. Mtu akisikia kwamba namba imepanda, hudhani mafuta yameongezeka, kumbe yamepungua. Isitoshe, katika mazungumzo ya kawaida tajiri hutumia ovyo na maskini hubana, basi mwenye gari huomba injini yake iwe maskini ili aokoe esansi. Kwa mwendo wa pole hilo lina nafasi yake. Kwa injini ya turbo iliyokanyagwa hadi mwisho, umaskini huo huleta joto linaloyeyusha pistoni. Hapo lambda huwekwa karibu na 0.80, kwa sababu mafuta ya ziada hupoza. Mimi nimeacha kutumia tajiri na maskini. Nasema mafuta yamezidi au mafuta yamepungua, na hakuna anayeuliza mara mbili.

Cheche nayo ina mtego wake. Moto hauenei ndani ya silinda mara moja, kwa hiyo bujia huwaka kabla pistoni haijafika juu. Kuiwasha mapema zaidi ni kuitanguliza, na kuirudisha nyuma ni kuichelewesha. Kuitanguliza huongeza nguvu hadi kiwango fulani. Ikipita hapo, mchanganyiko ambao bado haujafikiwa na moto hulipuka wenyewe, na injini hutoa mlio kama wa kokoto ndani ya kopo. Garajini wanasema inagonga. Shida ni kwamba kugonga ni pia mlio wa chuma kilicholegea chini ya injini, na tiba za magonjwa haya mawili hazifanani. Napendekeza ule wa kwanza tuuite mlipuko wa silinda.

Kuna pia mambo ya hapa petu. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina mgandamizo wa takriban asilimia 85 ya ule wa pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Yenye turbo inaweza kufidia, lakini kwa jasho. Kufikisha bar 2 za mgandamizo halisi, turbo ya Dar es Salaam huongeza hewa mara 2, na ya kwetu mara 2.35. Faili iliyoandikwa kwa gari la pwani ikiletwa hapa na kutiwa bila kusomwa, inaweza kuizungusha turbo kupita uwezo wake.

Vumbi la barabara za migodi nalo hukaa juu ya kihisi cha hewa. Kihisi kichafu huripoti hewa pungufu, kompyuta hupunguza mafuta, na dereva hajui lolote hadi akanyage kwa nguvu. Na mafuta yenyewe: Subaru za turbo za soko la Japani zilipangiwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na oktani 98 hadi 100. Esansi ya chupa kutoka kwa Kadhafi wa njiani haina cheti. Anayeijaza humo inafaa aicheleweshe cheche kuliko jedwali la asili, hata kama nia yake ilikuwa nguvu.

Basi mtu aanzeje? Kwanza apime afya ya gari: bujia, chujio la hewa, mabomba yanayovuja, mgandamizo wa kila silinda. Kompyuta haitibu injini mgonjwa. Pili, asome bila kugusa. Soketi ya uchunguzi ina pini 16, ila umbo moja si lugha moja: Subaru nyingi za Kijapani za miaka ya mwanzo ya 2000 huzungumza itifaki yao wenyewe, SSM, katika soketi hiyo hiyo. RomRaider ni programu huria iliyoanzia kwa magari hayo, na hurekodi kila kihisi. Tatu, anakili faili ya asili na kuihifadhi mahali pawili. Nne, afunge kihisi cha lambda cha masafa mapana, kwa kuwa kile cha kiwandani katika magari mengi ya zamani husema tu kama mafuta yamezidi au yamepungua, bila kutaja kiasi. Tano, abadilishe jambo moja kwa mara moja, nyuzi 1 ya cheche au asilimia chache za mafuta, kisha arekodi tena na kulinganisha. Wakati wa kuandika faili, betri ya gari na ya kompyuta ziwe zimejaa. Umeme ukikatika katikati, kalkulatere inaweza kufa. Na majaribio ya mguu chini yafanywe kwenye mashine ya kupimia nguvu au uwanja uliofungwa. Barabara ya Likasi ina malori ya madini mchana na usiku.

Garajini tumebandika karatasi yenye maneno manane: mafuta yamezidi, mafuta yamepungua, kutanguliza, kuchelewesha, mlipuko wa silinda, kihisi, mzigo, jedwali la asili. Kabla faili haijaandikwa, fundi, mwenye gari na mimi tunasema kwa maneno hayo kile kinachobadilishwa. Mmoja akieleza tofauti na wenzake, tunaizima kompyuta na kuanza upya. Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya wayalete. Tutayajaribu kwanza kwa kuyasema mbele ya injini inayonguruma, tuone kama yanasikika na kueleweka.