Muumba Katika Majina ya Watu: Dhana ya Imana na Ruhanga Katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Uchunguzi wa dini za jadi za Afrika Mashariki umezoea kumtafuta mungu muumba katika visasili, matambiko na mahali patakatifu. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, njia hiyo humfikisha mtafiti kwa mizimu badala ya kumfikisha kwa Muumba. Makala haya yanaeleza kwa nini ushahidi muhimu kuhusu Muumba katika eneo hilo umo katika majina ya watu, na namna ushahidi huo unavyopaswa kusomwa.

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na Kihangaza kinachozungumzwa humo ni jamaa wa karibu wa Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Katika lugha hizo Muumba huitwa Imana. Upande wa Biharamulo, Kisubi hukutana na Kizinza na Kihaya. Katika Kihaya, kama ilivyo katika Kinyankore, Muumba huitwa Ruhanga, jina lililonyambuliwa kutokana na kitenzi -hanga, yaani "umba". Huitwa pia Rugaba, kutokana na -gaba, kitenzi chenye asili moja na -gawa ya Kiswahili. Hata hivyo, mpaka kati ya makundi hayo mawili si wa kukata: katika Kinyarwanda, Rugaba ni sifa ya Imana pia, sambamba na Rurema, yaani "aumbaye".

Ibada ya kubandwa, iliyoenea katika ukanda wa Maziwa Makuu, ilielekezwa kwa Kiranga huko Burundi, kwa Ryangombe huko Rwanda, na kwa Wamara na Mugasha katika Uhaya. Kwa kuwa Imana hakuwa na ibada ya namna hiyo, ni rahisi kuhitimisha kwamba aliumba kisha akajitenga na viumbe wake. Desturi moja iliyorekodiwa Rwanda inapinga hitimisho hilo. Mwanamke aliyetarajia kuzaa aliacha maji kidogo chomboni usiku ili Imana ayatumie kumfinyanga mtoto. Kwa mtazamo huo, kuumba si tukio la zamani lililokwisha, bali ni kazi inayorudiwa katika kila mimba. Hivyo basi, mahali panapofaa kutafuta kumbukumbu ya kazi hiyo ni katika jina la mtoto.

Majina yanayopatikana katika lugha za kundi la Kirundi yanaonesha jambo hilo kwa muundo wake. Habimana humaanisha kwamba Imana yupo. Harerimana, kwamba mlezi ni Imana. Hakizimana, kwamba mponyaji ni Imana. Katika majina hayo, kiambishi ha- cha mahali hutangulia kitenzi, na mtenda huja mwishoni, mahali penye msisitizo. Kwa hiyo Hakizimana halisemi tu kwamba Imana huponya. Linadai kuwa aponyaye ni yeye, wala si mwingine. Katika Bizimana, kiambishi bi- huwakilisha mambo yanayojulikana, na maana yake hukaribia kauli ya Kiswahili "mambo hayo anayajua Mungu". Kauli kama hiyo ni jibu la mzazi aliyeugua, aliyefiwa au aliyesemwa vibaya na majirani.

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alikusanya majina na sifa za Mungu kutoka jamii nyingi za Afrika na kuzipanga kwa vichwa vya kiteolojia. Okot p'Bitek alipinga mwelekeo huo, akidai kwamba miungu ya Waafrika ilikuwa ikivishwa mavazi ya Kiyunani. Mtafiti anayetoa kwenye Bizimana fundisho la "ujuzi wote" na kuishia hapo hupoteza tukio lililozaa jina. Jina hilo ni kauli ya mtu fulani, katika saa fulani, kabla ya kuwa fundisho.

Suala hili lina uzito nje ya taaluma pia. Bugufi, iliyomo Ngara leo, iliwahi kuwa chini ya ufalme wa Burundi kabla ya mipaka ya kikoloni kuigawa nchi. Mwaka 1994 wilaya hiyo ilipokea wakimbizi wengi kutoka Rwanda, na mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa nchini watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu. Katika mazingira hayo, jina lenye Imana linaweza kudhaniwa kuwa alama ya ugeni. Uchanganuzi wa lugha hauungi mkono dhana hiyo, kwani jina la Muumba lilikuwa la pande zote mbili kabla mpaka haujachorwa. Kwa hiyo, jina kama Habimana ni ushahidi wa imani ya wazazi, wala haliwezi kuwa ushahidi wa uraia wa mtoto.