Simu za Intaneti: Ipi Yafaa Nyumbani kwa Askari?

Tangu Machi 2007, wanajeshi wengi wa Uganda wamepata kutumwa Somalia kulinda amani. Jamaa zao walioko Kisoko na kwingineko wilayani Tororo hutamani kusikia sauti zao, lakini simu ya kawaida ya nchi za nje ni ghali. Ndiyo sababu watu wengi huzungumza kwa njia ya intaneti.

Katika njia hiyo, sauti hukatwa vipande vidogo, aghalabu 50 kwa sekunde, vikasafirishwa kama barua na kuunganishwa tena upande wa pili. Kipande kikipotea au kuchelewa, maneno hukatika. Vyombo vinavyotumika ni vya namna nne.

Kwanza ni simu ya mezani ya intaneti. Sauti yake ni safi, nayo yafaa ofisi yenye vyumba vingi, kwani kupigiana humo ndani hakuna malipo ya ziada.

Pili ni simu ya zamani ya waya. Hiyo isitupwe, yaweza kuunganishwa na adapta, kisanduku kidogo kinachoigeuza sauti ipite kwenye intaneti.

Tatu ni kompyuta yenye kipaza sauti na vipokea sauti vya masikioni.

Nne ni simu ya mkononi ya kisasa yenye programu kama WhatsApp, iliyoanza kupitisha mazungumzo ya sauti mwaka 2015. Kwa nyumba nyingi hii ndiyo nafuu, maana hutumika kwa kazi nyingine pia. Lakini kuonana kwa picha hula bando upesi kuliko kusikilizana kwa sauti tu.

Kila namna ina udhaifu wake. Simu ya waya ya zamani ilipata umeme kutoka kituo cha simu, hivyo giza lilipoingia nyumbani yenyewe iliendelea kulia. Simu ya mezani ya intaneti na adapta hunyamaza umeme ukikatika, isipokuwa pawe na betri ya akiba. Simu ya mkononi ina betri yake, lakini haina msaada wa intaneti bando likiisha. Huko Busia, yaweza hata kushika mnara wa Kenya, na bando la Uganda lisifanye kazi. Hapo yafaa mtandao uchaguliwe kwa mkono.

Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilifungwa Uganda nzima kwa siku tano hivi. Tena WhatsApp haiwezi kuwaita polisi kwa 999 au 112.

Kwa hiyo mama wa nyumbani asiiuze simu ndogo ya vibonye. Aiweke imejaa chaji, yenye salio kidogo, na namba muhimu ziandikwe pia katika daftari. Intaneti ni ya mazungumzo marefu. Simu ndogo ni ya usiku wa dharura.