Fahamu: Ramani inajuaje pa kupanda parachichi?

Miche ya parachichi aina ya Hass imeenea Njombe, Rungwe na Siha. Je, kila shamba la nyanda za juu linaifaa?

Ramani ya ufaafu hutengenezwa kwa kulaza tabaka za taarifa moja juu ya nyingine kwenye kompyuta: mwinuko, joto, mvua, udongo, mteremko wa ardhi. Kila kipande cha ardhi hupewa alama kwa kila tabaka, kisha alama hujumlishwa. Lakini yapo mambo yasiyofidiwa. Udongo unaotuamisha maji, kwa mfano, huozesha mizizi hata kama mvua na joto ni vya kupendeza. Hapo alama nzuri za mwinuko hazina kazi. Vivyo hivyo mabonde ya Njombe: Juni na Julai baridi huteremka na kutua huko, na sakitu huunguza miche, huku ile ya mlimani jirani ikisalimika.

Kwenye tofauti za karibu kama hizo ndipo ramani nyingi huteleza. SoilGrids, hifadhidata ya udongo ya dunia, ina vipande vya mita 250 kwa 250, yaani zaidi ya ekari 15. Mwenye ekari mbili humezwa ndani ya kipande kimoja, kilima na bonde lake pamoja.

Kwa hiyo kabla ya kununua miche, chimba shimo la mita moja, limwagie maji. Yakilala hadi kesho yake, tafuta sehemu nyingine, ramani iseme itakavyo.