Je, Wajua? Unywele Wako Unakumbuka Maji Uliyokunywa

Je, wajua kwamba maji hutofautiana uzito? Atomu nyingi za oksijeni zina nyutroni 8, lakini chache zina 10. Hidrojeni nyingi haina nyutroni hata moja, ila chache ina moja. Atomu hizo ndugu, zinazopishana kwa uzito tu, huitwa isotopu. Wingu linalotoka baharini hudondosha kwanza maji mazito. Kadiri linavyoingia bara na kupanda milima, mvua yake huzidi kuwa nyepesi. Ndiyo maana maji ya kila eneo yana alama yake.

Je, wajua kwamba alama hiyo hupanda hadi kichwani? Mwili hujenga unywele kwa hidrojeni na oksijeni ya maji unayokunywa na chakula unachokula. Unywele ukishachomoza, kilichoandikwa ndani yake hakifutiki kwa urahisi. Na kwa kuwa hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, wenye sentimita 24 hubeba habari za miaka miwili: ya zamani iko nchani, ya juzi iko shinani.

Je, wajua kwamba jambo hili lilithibitishwa kwa vinyozi? Mwaka 2008, Thure Cerling, James Ehleringer na wenzao wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walitangaza matokeo ya nywele zilizokusanywa kwa vinyozi wa miji 65 katika majimbo 18, pamoja na maji ya bomba ya miji hiyo. Zaidi ya asilimia 85 ya tofauti za isotopu kwenye nywele zilifuata tofauti za maji ya mahali.

Je, wajua kwamba tembo wa Kenya walitangulia? Mwaka 2006, Cerling na watafiti wenzake, akiwemo Iain Douglas-Hamilton, walisoma singa za mikia ya tembo wa Samburu na kuzilinganisha na taarifa za kola za satelaiti walizovishwa. Dume mmoja, Lewis, alikuwa akihamia msitu wa Imenti ulio kando ya Mlima Kenya, ambako alivamia mashamba. Mahindi na nyasi za nyanda za joto huacha alama ya kaboni iliyo tofauti na ya majani ya miti, hivyo mlo wake nao ulisomeka.

Je, wajua kwamba nywele hutunza siri kwa miaka 500? Mwaka 1999, miili ya watoto watatu wa Inka iliyohifadhiwa na baridi ilipatikana juu ya volkano ya Llullaillaco, Argentina, mita 6,739 kutoka usawa wa bahari. Nywele za binti mkubwa zilionyesha kwamba karibu mwaka mmoja kabla ya kutolewa kafara, chakula chake kilibadilika ghafla: akaanza kula nyama na mahindi, chakula cha wakubwa.

Je, wajua kwamba nywele husaidia kutafuta jina la marehemu? Unywele hautaji mtaa wala mji. Huonyesha ukanda mpana tu. Lakini kwa maiti isiyojulikana, ukanda ni mwanzo. Mabaki ya mwanamke yaliyopatikana mwaka 2000 karibu na Ziwa Kuu la Chumvi, Utah, yalikuwa na nywele zilizoonyesha kwamba alihamahama katika miaka yake ya mwisho, na wapelelezi wakajua waelekeze macho kaskazini-magharibi mwa Marekani. Mwaka 2012, DNA ilimrudishia jina lake, naye akaacha kuwa namba ndani ya faili.