Kwa Nini Maandishi Hurudishwa, na Yampasayo Mwandishi

Katika kila wilaya wako watu wajuao kusoma na kuandika ambao wamepata kutunga shairi, au hadithi, au habari za mambo ya kale ya kwao, wakazipeleka gazetini wakitumaini kuziona zimepigwa chapa. Baada ya majuma kadhaa jibu huja. Pengine karatasi zao hurudi pamoja na maneno mawili matatu ya heshima, kwamba Mhariri anashukuru lakini hawezi kuzitumia. Pengine halirudi neno lo lote. Wengi wapatapo jibu la namna hii huona haya mbele ya jamaa zao, huzitia karatasi motoni, wala hawashiki kalamu tena. Hasara ya jambo hili haimwangukii mtu mmoja peke yake. Mtu aliyejua habari za nchi yake na aliyeweza kuziandika amenyamaza, na wazee waliomsimulia hawatakuwako siku zote. Kwa hiyo yafaa tueleze kwa taratibu maana ya maandishi kurudishwa, sababu zake, na impasavyo mtu kutenda.

Neno la kwanza la kufahamu ni kwamba Mhariri, mara nyingi, hamjui mwandishi. Hajapata kumwona uso, wala hajui ukoo wake. Alicho nacho mezani ni karatasi tu, na swali ajiulizalo ni hili: Je, maneno haya yatawafaa wasomaji wangu katika toleo hili? Basi jibu atoalo ni la karatasi hiyo, kwa gazeti hilo, kwa wakati huo. Mtu akilichukua kuwa hukumu ya akili yake au ya heshima yake, amejitwika mzigo ambao hakupewa.

Watu wa pwani watafahamu kwa mfano wa jahazi. Nahodha akaribiapo kutweka tanga hutazama shehena iliyoletwa ufukoni. Mzigo wa kwanza huukataa kwa kuwa jahazi limekwisha kujaa. Wa pili huukataa kwa kuwa yeye aelekea Lamu, na mzigo ni wa kwenda Kilwa. Wa tatu huukataa kwa kuwa umefungwa vibaya, utamwagika njiani. Wa nne huukataa kwa kuwa nazi zenyewe zimeoza. Katika mizigo hiyo minne ni mmoja tu ulio mbovu, lakini yote minne hubaki ufukoni. Mwenye mali aliye na akili hakai akalia, bali huuliza mzigo wake ni upi katika hiyo minne. Maandishi yarudishwayo nayo yana sababu hizo nne.

Sababu ya kwanza ni nafasi. Tukumbuke gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwezi wa Januari, 1923, chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika. Gazeti lile lilipendwa sana, na watu wa bara na pwani walilipelekea barua, habari na mashairi yao. Sasa fikiri: gazeti la kila mwezi lina kurasa zilizohesabiwa, na sehemu yake kubwa yatakiwa kwa habari zisizoweza kungoja. Ikiwa imebaki nafasi ya mashairi manne, na yaliyoletwa ni arobaini, basi thelathini na sita hayana budi kukosa, hata kama yote arobaini ni mazuri. Hapa hapana dhuluma. Ni hesabu tu.

Sababu ya pili ni kupeleka mahali pasipo pake. Kila gazeti lina wasomaji wake na kazi yake. Moja hupenda mafundisho ya kilimo na afya, lingine hadithi, lingine mashairi ya majibizano. Mtu apelekaye hadithi ya kurasa kumi kwa gazeti ambalo halijapata kutoa hadithi ipitayo kurasa mbili, amepeleka mzigo wa Kilwa katika jahazi la Lamu. Dawa yake ni nyepesi: kabla ya kupeleka, soma matoleo matatu au manne ya gazeti lile, utazame mambo yaliyomo na urefu wake.

Sababu ya tatu ni kufungwa vibaya, yaani sura ya maandishi. Hati isiyosomeka humchosha Mhariri kabla hajafika penye maana. Karatasi iliyoandikwa pande zote mbili, mistari ikibanana, haiachi mahali pa kusahihisha. Katika mashairi liko jambo kubwa zaidi, nalo ni mizani na vina. Shairi letu lililozoeleka lina mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani 16, nane kabla ya kituo cha kati na nane baada yake. Na vina vya kati na vya mwisho hutakiwa kulingana. Mhariri ajuaye kazi yake huhesabu kwa vidole. Akikuta mizani 15 hapa na 17 pale, huliweka kando, hata kama mawazo yaliyomo ni ya hekima. Mtunzi aweza kujihesabia mwenyewe nyumbani bila ya gharama yo yote.

Sababu ya nne ndiyo nazi zilizooza, yaani kasoro ya kazi yenyewe. Wako waandishi ambao salamu na sifa zao humaliza nusu ya ukurasa kabla habari haijaanza. Wako waelezao kisa cha zamani bila kutaja mahali, wala mwaka, wala aliyewasimulia, hata msomaji asijue kama ni habari au ni ngano. Wako pia wanaochukua maneno ya mtu mwingine wakatia jina lao chini. Huo ni wizi, na Mhariri akiugundua hatamwamini mtu huyo tena. Kasoro za namna ya mwisho hazina dawa ila toba, lakini zile nyingine zote hutengenezeka.

Sasa twende ng'ambo, tutazame mtu mmoja ambaye maandishi yake yalirudishwa mara nyingi sana, kisha akawa mwandishi wa sifa. Jina lake ni Jack London, Mmarekani, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1876 katika nyumba ya watu maskini. Tangu utoto alifanya kazi za mikono: kiwandani mlimotiwa vyakula katika makopo, kiwanda cha magunia, baharini, na kupakia makaa ya mawe. Mwaka 1893, alipokuwa na umri wa miaka 17, alishinda zawadi ya dola 25 katika gazeti moja la mji wake kwa kueleza tufani aliyoiona katika bahari ya karibu na Japani. Mtu angedhani kwamba mlango umekwisha kufunguka, lakini haukufunguka bado.

Mwaka 1897 alikwenda Klondike, nchi ya baridi kali kaskazini mwa Kanada, pamoja na maelfu ya watu waliotafuta dhahabu. Mwaka 1898 akarudi kwao mgonjwa, bila ya mali, akakuta baba yake wa kambo amekwisha kufariki, naye ndiye wa kumtunza mama yake. Kazi hakupata. Basi akaketi akaandika: hadithi, mashairi, makala, vichekesho. Aliziweka rehani baadhi ya mali zake kidogo ili apate chakula na stempu. Kila bahasha iliyotoka ilirudi, na aliyoitoa tena ikarudi tena.

Katika shida hiyo aliweka daftari. Humo aliandika jina la kila kazi, magazeti aliyoipelekea, na kama imerudi au imekubaliwa. Sisi makarani twaijua faida ya daftari la namna hii. Mtu mwenye daftari huona mambo kama yalivyo: kazi hii imekwenda mahali pawili, ile mahali patano, hii bado haijajibiwa. Asiye na daftari huona moyoni mwake jambo moja tu, kwamba watu wote wamemkataa.

Hatimaye gazeti la Overland Monthly lilikubali hadithi yake moja ya nchi ya Klondike, likaitoa Januari 1899. Malipo yake yalikuwa dola 5 tu, kiasi kidogo mno kuliko alivyotumaini. Karibu na wakati ule ule gazeti lingine, The Black Cat, lilimwahidi dola 40 kwa hadithi nyingine, lakini kwa sharti kwamba ipunguzwe hata ibaki nusu. Alikubali mara moja. Hapa pana fundisho: hadithi ile ilikuwa na thamani, lakini ilikuwa na maneno mengi kupita kiasi, na yule aliyeiona thamani yake ndiye aliyeuona na urefu wake. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1900, gazeti la Atlantic Monthly, lenye heshima kubwa katika Marekani, lilitoa hadithi yake; na mwaka 1903 kitabu chake kiitwacho The Call of the Wild kilimpa jina duniani. Toka dola 5 hata kitabu kile ni miaka minne tu.

Hatusemi kwamba kila atakayevumilia atakuwa kama Jack London. Wala hatusemi mtu aache kazi yake au shamba lake akangoje majibu ya posta. Twasema tu kwamba bahasha zilizorudi hazikuwa dalili ya kuwa hana uwezo. Zilikuwa sehemu ya kujifunza kazi, kama koleo zinazovunjika katika kiwanda cha mhunzi. Wazee walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Basi mtu afanyeje? Kanuni ni chache, nazo zaweza kufuatwa na mtu aliyeko kijijini.

Kwanza, weka nakala. Usipeleke karatasi uliyo nayo moja tu, maana njiani pana mvua, na mezani pa Mhariri pana karatasi nyingi. Siku hizi watu wengi hupeleka maandishi yao kwa barua pepe, lakini kanuni ni ile ile: nakala ibaki kwako.

Pili, usipeleke kazi moja kwa magazeti mawili kwa wakati mmoja bila ya kuwaarifu. Yakiitoa yote mawili, Wahariri wote wawili watakuwa wameaibika, na wewe pamoja nao.

Tatu, wakati ungojapo, anza kazi nyingine. Mkulima aliyepanda mahindi hakai ukingoni akiyatazama, huenda akapalilia muhogo.

Nne, maandishi yakirudi, usijibu siku ile. Barua ya hasira huandikwa upesi na hukumbukwa muda mrefu. Yaweke karatasi zako sandukuni kwa siku saba, kisha uzisome kana kwamba zimeandikwa na mtu mwingine. Msomee na mtu mmoja mwaminifu, asiyekuogopa wala asiyekuhusudu, umwombe akuonyeshe mahali alipochoka.

Tano, uulize ni sababu ipi katika zile nne. Ikiwa ni nafasi au mahali, peleka kwingine bila kubadili neno. Ikiwa ni sura au kasoro, tengeneza kwanza. Na kama Wahariri watatu wasiojuana wameonyesha kosa moja, liamini kosa hilo, maana hawakupatana kukuonea.

Limebaki jambo moja, nalo latuhusu sisi wa lugha ya Kiswahili zaidi. Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, alianza kazi akiwa karani wa forodha, na mashairi yake yalionekana katika Mambo Leo. Hakuacha kazi ya ofisi ili aandike. Aliandika katika saa zilizobaki. Mwaka 1946 aliandika kitabu cha Kufikirika. Kitabu hicho hakikupigwa chapa mwaka ule, wala uliofuata, wala katika maisha yake yote. Yeye alifariki mwaka 1962, nacho kikatoka mwaka 1967, baada ya miaka 21 tangu kuandikwa. Na katika miaka ile ya kungoja hakukaa kitako: Maisha Yangu kilitoka mwaka 1949, Kusadikika mwaka 1951, Adili na Nduguze mwaka 1952. Kama karatasi za Kufikirika zingalitiwa motoni siku ya huzuni, wanafunzi wa vizazi vilivyofuata wasingalikisoma, na hapana ambaye angalijua kilichopotea.

Kwa hiyo walimu wetu wasimcheke mwanafunzi ambaye shairi lake limerudi. Wakae naye wahesabu mizani pamoja. Wakuu wa nchi na wazee nao wasimwambie kijana anayeandika habari za visima, njaa na uhamaji wa mababu kwamba anapoteza karatasi. Waketi naye wamsahihishe majina na miaka, ili habari zipelekwapo mara ya pili ziwe na nguvu kuliko mara ya kwanza. Na wewe uliye na bahasha iliyorudi, itoe sandukuni leo, usome, utengeneze, uandike katika daftari jina la gazeti jingine, uipeleke. Subira huvuta heri, lakini heri hiyo haiwezi kuikuta kazi iliyokwisha kuwa majivu.